Bajaji ya Tatu na Mstari wa Zinga

Walikuja kuichukua bajaji ya mjukuu wangu Jumatano asubuhi, mimi niko kibarazani nakuna nazi. Nasema walikuja kuichukua, sisemi waliichukua.

Gari lao lilikuwa kubwa, rangi ya maziwa, la dizeli, linakohoa kama mtu wa kikohozi, na nyuma lina nafasi ya kupakia bajaji nzima ikafungwa kamba. Akashuka kwanza msimamizi wa mradi, jina lake Sufiani, kijana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, kishikwambi kwapani. Nyuma yake akashuka Sophia, binti wa chuo kikuu, yule aliyekuwa akija kutuuliza maswali. Wote wawili wakaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikawatandikia mkeka. Sufiani akasema hakai, ana haraka. Nikajua hapo hapo kwamba hakuja kwa heri.

Mjukuu wangu Tatu alikuwa anafuta kioo cha bajaji kwa kipande cha fulana. Aliliona lile gari, akaziona zile kamba, akaendelea kufuta. Tatu ana tabia hiyo tangu mdogo. Jambo likimwumiza, mikono yake haisimami.

Bajaji yenyewe ni ya umeme. Haijui petroli. Ina rangi ya jani changa la mgomba, na ubavuni imeandikwa namba na jina la mradi. Betri zake ziko chini ya kiti cha abiria, nzito kama gunia la chumvi mbichi, na kule Zinga barabarani kuna kibanda chenye paneli za jua juu ya paa. Betri iliyochoka unaiacha pale, unachukua iliyoshiba, kama unavyobadilisha mtungi wa gesi. Ilipokuja mara ya kwanza, watu wa hapa Mlingotini walikuwa na lawama moja tu nayo: haina mlio. Bajaji ya mafuta unaisikia ikiwa bado iko huko kwenye minazi, unapata nafasi ya kuvuta ushungi na kumwita mtoto. Hii inakufikia mgongoni hujui. Wakasema ni chombo kisicho na adabu, kinaingia kwa watu bila hodi. Basi Tatu akawa anatoa kichwa nje anabisha yeye mwenyewe, "Hodi, hodi jamani, napita!" na watu wanaitikia "Karibu!" bila hata kugeuka. Kicheko, lakini tulizoea.

Mradi ulikuwa wa utafiti. Walitueleza kwenye mkutano pale ofisi ya kata, kwamba wakubwa wanatunga sera ya usafiri wa umeme, na kabla ya sera wanataka kujua watu wa vijijini wanakwenda wapi na kwa nini, na kama vyombo hivi vina faida huku au viwekwe mijini tu. Wakachagua madereva. Mwanamke alikuwa Tatu peke yake. Wakampa njia yake, kutoka Mlingotini mpaka barabarani Zinga, na kurudi. Njia hiyo wameichora kwenye ramani, wenyewe wanaiita mstari. Ndani ya bajaji kuna kidude kinachosema chombo kiko wapi, na abiria akipanda analipa kwa simu, kidude kinaandika kuwa kuna abiria. Asipolipa mtu kwa simu, kidude kinaandika chombo kitupu. Bajaji ikitoka nje ya mstari inaonekana. Na Sufiani anaweza kuizima yeye akiwa Bagamoyo mjini anakunywa chai kwa sambusa.

Sasa na sisi tuna mambo yetu. Akifa mwanamke hapa kwetu, au huko kwenye vitongoji vya nyuma ya mashamba ya chumvi, wanaoitwa kumwosha ni mimi, na Mina mkulima wa mwani, na Bi Dija. Bi Dija ndiye mkubwa wetu, ndiye aliyetufunza. Mikono yake bado ni ile ile, laini na isiyo na papara, ila magoti yamemkatalia. Tulipokuwa tunapanda pikipiki, aliwahi kudondoka nayo kwenye tope, beseni huku, yeye kule, akaapa kuwa hapandi tena mnyama asiye na mgongo. Bajaji ya Tatu ilipokuja ikawa ndiyo miguu yake.

Na mwosha huku kwetu hatozwi nauli. Hapajapata kuwa na mtu akamtoza. Anayembeba ana fungu lake kwa Mola, na akinyoosha mkono apewe kitu ataonekana kituko. Kwa hiyo tukipanda sisi hakuna anayebonyeza simu.

Tena hatusemi. Mwosha hatangazi akienda, na akirudi hasimulii. Aliyoyaona ameyaacha pale pale kwenye maji. Hata kusema tu kwamba jana niliosha, tunaliona ni kujionyesha, thawabu inapeperuka kama moshi wa ubani. Sophia alipokuwa akija na maswali yake, akikaa kwenye kigoda changu, akila wali wangu, ananiuliza, "Bibi, wiki hii ulikwenda wapi na wapi?" mimi namjibu, "Sokoni Zinga, na zahanati." Mina naye alisema sokoni. Bi Dija alimwambia hajavuka kizingiti chake, magoti. Sophia akaandika alivyoambiwa. Ndivyo tulivyokuwa, huko kwenye hesabu zao, wanawake wasiokwenda popote, na bajaji ya Tatu ikawa inatoka tupu, inaingia vichakani, inakaa huko nusu ya siku.

Hayo ndiyo Sufiani aliyokuja nayo Jumatano ile. Aliniinamishia kishikwambi chake nikaona ramani, mstari wa bluu kutoka kwetu mpaka Zinga, na pembeni vidoa vyekundu.

"Unaona hapa, bibi? Hapa panaitwa kwa Mwinyimvua. Chombo kimekwenda hapa mara kwa mara. Abiria hakuna. Kimekaa asubuhi mpaka adhuhuri. Na hapa tena. Na hapa."

"Naona," nikamwambia.

Akamgeukia Tatu. "Dada, kule kuna nani?"

Tatu akakikamua kile kitambaa, ingawa hakikuwa na maji.

"Nakuuliza kwa wema. Utafiti wetu umeharibika kwa ajili yako. Takwimu zinasema chombo kinazurura. Makao makuu wameamua kikatumike mjini." Kisha akashusha sauti, kama mtu anayesitiri jambo, kumbe ndiyo analimwaga. "Mambo yako binafsi mimi hayanihusu. Lakini kama una bwana kule, mwendee kwa miguu yako, si kwa chombo cha mradi."

Mkono wangu ukasimama juu ya mbuzi ya nazi. Tatu ni mtalaka. Siku aliyoshika usukani kwa mara ya kwanza, maneno yalipita kila baraza, kwamba mwanamke anayebeba wanaume wa watu mchana kutwa mwisho wake nini. Aliyanyamazisha kwa kazi, polepole, kila siku barabarani akionekana. Sasa hili neno limesemwa uani kwangu, na jirani yangu upande wa pili wa ua wa makuti amenyamaza kimya kabisa, ambaye siku zote hanyamazi.

"Mwanangu Sufiani," nikasema, "neno hilo lirudishe ulikolitoa."

"Bibi, mimi nasoma ramani tu."

"Ramani ndiyo iliyokuambia kuna bwana?"

Sophia akasema, "Sufiani, tulikubaliana tuulize kwanza."

"Nimeuliza. Umesikia jibu?"

Tatu alikuwa na jibu mdomoni. Nilimwona. Angesema tu, nawabeba kina bibi wanakwenda kuosha, na mambo yangeisha. Lakini alinitazama mimi, nami nikamtazama, akalimeza. Amelelewa na mwosha. Anajua kwamba hilo si la kutolea ushahidi kwa mtu aliyekataa mkeka.

Hatukukaa hivyo muda mrefu, kwa sababu aliingia Issa, mtoto wa Bi Wahida wa kwa Mwinyimvua, na baiskeli yake, suruali imekunjwa mguu mmoja. Mtu mzima, ana watoto wake. Akaiegemeza baiskeli kwenye mpapai taratibu sana, kama anaiogopa isianguke, akasema, "Bibi, mama ametutoka. Alfajiri."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Wote tuliitikia, hata Sufiani. Bi Wahida alikuwa mvuna chumvi, mcheshi, na kila msimu alikuwa akiniwekea chumvi ya mabonge, anajua siipendi ile ya dukani. Sikulia. Mwosha analia akisharudi.

Nikaingia ndani nikatoa vyangu: beseni kubwa na dogo, kopo lenye mkono mrefu, pamba, kafuri ndani ya kichupa, majani ya mkunazi niliyoyakausha, chetezo, kanga mbili kuukuu za kusitiria. Tatu tayari alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Mina nilimtumia mtoto wa jirani, akaja mbio, miguu ina mchanga wa pwani bado.

Sufiani akasimama mbele ya bajaji. "Poleni sana na msiba. Lakini chombo hiki hakitembei tena."

"Umeshakizima?" Tatu akamwuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile.

"Bado, lakini..."

"Basi kinatembea."

Akaipitisha ubavuni mwake bila kumgusa hata shati. Ile bajaji haina kelele, hata hasira haiwezi kuionyesha. Tukaondoka kama maji.

Tulimkuta Bi Dija amekaa mlangoni kwake, ameshavaa baibui, habari imemfikia kabla yetu, sijui kwa njia gani, siku zote inamfikia. Tukampandisha. Ndiyo kwanza amekaa sawa, gari la dizeli nalo likafika, likasimama mbele yetu. Sufiani akashuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi, naomba ushuke."

"Sishuki."

"Bibi, hiki chombo ni mali ya mradi."

"Nishushe basi." Bi Dija akanyoosha mkono, mwembamba, umejaa bangili. "Haya, nishike. Shika mkono, shika kiuno, nikokote. Waite na wenzako. Watu wa Mlingotini wakuone unavyomburuta bibi kizee anayekwenda kumsitiri maiti."

Watu kweli walikuwa wameanza kutoka majumbani. Sufiani akarudi hatua moja. "Mimi siwezi kukugusa, bibi."

"Mwenye akili. Sasa ondoa hilo jitu lako linalokohoa, sisi tunachelewa."

"Mkivuka mstari nitaizima."

"Zima! Kwani nani kakushika kidole?"

Vijana waliokuwa wakishona nyavu walicheka mpaka mmoja akaangusha sindano. Sufiani alisogeza gari.

Kutoka kwetu unafuata njia ya Zinga kipande, halafu kwenye mikorosho unakata kulia kuingia njia ya chumvi. Nilimwona Tatu amekaza mabega tulipoikaribia ile mikorosho. Hakupunguza mwendo. Akakata kulia. Tukapita mkorosho wa kwanza na wa pili, nikadhani labda kijana amepata huruma. Bajaji ikafa. Ilikufa kimya kimya, kama ilivyoishi, ikabaki inajiburuta kidogo kwenye mchanga, ikatulia.

Gari la dizeli likaja nyuma yetu, Sufiani akatoa kichwa dirishani. Uso wake haukuwa na furaha, hilo niseme kweli.

"Pandeni huku niwapeleke. Mimi sina ugomvi na msiba."

Bi Dija akamwuliza kutoka ndani ya bajaji, "Utupeleke wapi?"

"Huko mnakokwenda."

"Kwani kuna tunakokwenda? Si umesema huko hakwendi mtu? Si kuna bwana wa Tatu tu na kunguru?"

"Bibi, tafadhali."

"Hapana, nijibu. Safari ipo au haipo? Ikiwa ipo, washa chombo chetu. Ikiwa haipo, hilo gari lako unataka kulipeleka wapi?"

Mimi nilikuwa natazama mbele. Maiti hacheleweshwi kwa ajili ya hasira za walio hai, na lau ningeona ni mbali, ningepanda gari lile na kumpandisha Bi Dija hata kwa kumbeba, na ugomvi ungengoja. Lakini mapaa ya kwa Mwinyimvua yanaonekana kutoka pale kwenye mikorosho, ng'ambo ya vitalu vya chumvi, na moshi wa jiko la msiba ulikuwa umeshaanza kupanda.

"Tunasukuma," nikasema.

Tatu akashuka, akashika usukani akiwa nje. Issa, aliyekuwa akitufuata, akaitupa baiskeli yake pembeni, akaja upande wa kulia. Mimi na Mina tukashika nyuma. Bi Dija akabaki juu na mabeseni, amekaa kama bibi harusi. Tukasema bismillahi. Ikagoma, mchanga umekumbatia magurudumu, na zile betri uzito wake sasa ndio niliujua. Tukasukuma tena. Nikaona mikono mingine imekuja pembeni ya mkono wangu, kucha zimekatwa vizuri, saa nyembamba. Sophia. Amevua viatu, ameviweka ndani miguuni kwa Bi Dija.

"Sophia! Unafanya nini?" Sufiani akapaza sauti.

"Nakusanya takwimu," akamjibu, na akasukuma.

Ikaanza kwenda. Njia ile inapita katikati ya vitalu, huku maji, huku maji, na jua lilikuwa limeshapanda, chumvi inametameta mpaka macho yanauma. Wanawake waliokuwa wakikwangua chumvi walituona. Mmoja akauliza, "Imeharibika?" Bi Dija akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka baharini, "Haijaharibika! Imezimwa!" Wakaweka mareki yao wakaja, miguu myeupe kwa chumvi mpaka magotini. Hawakuuliza tena. Walimjua Bi Wahida, alikuwa mwenzao, na sisi walitujua tunakwenda kufanya nini. Tulikuwa wengi mno kwa bajaji moja, wengine hawakuwa na pa kushika, wakawa wanasukuma migongo ya waliokuwa wanasukuma. Nyuma yetu gari la dizeli linakuja polepole, halina pa kupita wala pa kugeuzia.

Tulipokaribia, wanaume waliokuwa barazani wakasimama. Haji, kaka wa marehemu, mzee wa kanzu na fimbo, akawaamuru vijana, wakaja wakatupokea, wakaifikisha mpaka mlangoni. Bi Dija akashuka. Tukaingia.

Ya ndani ni ya ndani.

Yaliyokuwa nje nilikuja kuyasikia kwa Issa. Kwamba Haji alimkaribisha Sufiani kwenye mkeka wa wanaume, akamwuliza kama yeye ndiye fundi, maana chombo cha waosha kimeharibika. Sufiani akasema hakikuharibika, amekizima yeye. Haji akadhani hakusikia vizuri, akauliza tena. "Umekizima, na waosha wamo ndani?" Sufiani akasema ndiyo. Basi hakuna aliyemtukana, wala aliyempandishia sauti. Walinyamaza tu, baraza zima, na mtu mmoja akamsogezea kikombe cha kahawa, maana yeye ni mgeni. Issa anasema kijana alikishika kile kikombe mpaka kahawa ikapoa.

Jeneza lilipotoka alisimama akatia bega kama wenzake, akaenda mpaka makaburini, akatupa udongo. Hilo namsifu, na nitalisema popote.

Baada ya maziko tulikuwa tumekaa uani, wanawake, tunasubiri chai. Sophia akanisogelea. Kanga ya kuazima imemkaa upande, miguu yake imekatwakatwa na chumvi.

"Bibi, mbona hukuniambia? Nilikuuliza mwenyewe. Nilikuuliza mara ngapi?"

"Uliuliza nilikokwenda kwa haja zangu. Huku siji kwa haja yangu."

"Lakini bibi, nisipoandika, kule kwa watunga sera halipo. Watasema wanawake wa huku hawatoki, hawana haja ya vyombo. Bajaji zote zitapelekwa mjini, na si ya Tatu peke yake."

"Andika basi. Watatu wamepanda, wamekwenda, wamerudi. Vichwa hesabu, majina acha. Letu usiandike, la marehemu usiandike, na tulichokifanya usiandike."

"Wataniuliza sababu ya safari. Kwenye kishikwambi kuna visanduku, kazi, soko, shule, hospitali. Lazima nichague kimoja."

"Chonga kingine."

"Nikiiteje?"

"Iite safari ya lazima," akadakia Bi Dija, "na wakikuuliza lazima gani, waambie wasubiri, zamu yao itafika."

Sophia akacheka, halafu akaona si mahali pa kucheka, akafunika mdomo. Mina akamwambia acheke tu, marehemu mwenyewe alikuwa mcheshi.

Ndipo Sufiani akaja, akasimama kwenye uchochoro wa ua kwa heshima, akabisha hodi. Nyuma yake Haji na wanaume wengine wawili watatu. Viatu alivishika mkononi. Akatupa pole upya, vizuri, kwa adabu. Kisha akasema kwamba ameelewa, ila kanuni haisemi kitu juu ya misiba, na yeye anatumwa tu, hivyo bado anaomba ufunguo, chombo kikalale Bagamoyo.

Tatu akainuka kutoka mkekani. Akafungua pindo la kanga yake, akautoa ufunguo, akaunyoosha kwenye kiganja.

"Huu hapa. Sikunyimi. Lakini asubuhi uliniuliza kule kuna nani. Wazee hawa hapa, wenye kitongoji. Waulize. Waulize huyo bwana wangu anakaa nyumba ipi."

Hata mtoto aliyekuwa analilia andazi alinyamazishwa kwa andazi.

"Dada Tatu, tulizungumza faragha..."

"Makuti ya bibi yangu si faragha. Kesho Mlingotini nzima inalo. Umelisema mbele ya watu, litengue mbele ya watu. Halafu chukua bajaji, chukua na hilo gari, chukua na mstari wako."

Sauti yake haikupanda. Mimi nimemlea, na sikuwa nimewahi kumsikia hivyo. Nilitaka kumwita akae, nikajizuia.

Sufiani alitazama viatu vyake. Haji naye akavitazama, kama vile jibu limeandikwa humo. Mwisho kijana akasema, kwa sauti ya kusikika, "Nilimsingizia. Hakuna nilichokijua. Nimeona kidoa kwenye ramani nikamtungia mtu jambo. Naomba radhi, dada. Naomba radhi, bibi."

"Umesamehewa," nikasema, kwa sababu ni haki yake akishaomba.

Tatu hakusema amesamehe. Alisema, "Sasa washa."

"Kanuni..."

"Waosha watarudi na nini?" Haji akamwuliza, polepole tu, kama anauliza saa. "Maana kama hurudishi ulichozima, itabidi vijana wangu wawasukume mpaka Mlingotini. Watawasukuma. Lakini watapitia njia kuu, na watakaouliza wataambiwa."

Sufiani alikitoa kishikwambi, akakibonyeza. Huko nje ya ua bajaji ikawasha taa zake, na papo hapo kishikwambi kikaanza kupiga kelele za kuonya, pii, pii, pii, kwamba chombo kiko nje ya mstari. Hakujua namna ya kukinyamazisha. Alikikumbatia kifuani kama mtoto mchanga anayelia msibani, na ikabidi Sophia amsaidie. Ufunguo haukuchukuliwa. Ulibaki kiganjani mwa Tatu, kisha ukarudi kwenye pindo, na gari lao lilirudi Bagamoyo na kamba zake.

Siku zikapita. Sophia akanipigia simu kutoka chuoni, ana furaha. Kasema amekitia kile kisanduku, na katika vijiji vingine walikopita wenzake, wanawake walipoulizwa upya, safari za namna ile zikatoka nyingi, watu wazima walishangaa. Sasa mradi umekubali bajaji ibaki, na umekubali itoke nje ya mstari. Ila kuna sharti moja.

"Sharti gani, mwanangu?"

"Dereva aombe kibali siku moja kabla ya safari."

Nikauliza ili nihakikishe, "Siku moja kabla ya mtu kufa?"

"Bibi, najua. Nimewaambia. Wanasema ni kanuni ya muda, itarekebishwa kwenye sera yenyewe. Nawaomba muwe na subira."

"Subira ninayo tele. Ruhusa ndiyo siombi."

Nilipompelekea Bi Dija habari alicheka mpaka akashika magoti. "Kwa hiyo nimtume nani kwa malaika wa mauti? Akanieleze kesho zamu ya nyumba ipi, nipate kibali Bagamoyo?"

Tatu hakucheka. Ndiye mwenye chombo, ndiye wa kunyang'anywa. Akaniuliza, "Bibi, nifanyeje?"

"Ungependa nini wewe?"

Akafikiri, anafuta kioo ambacho ni safi. "Siombi."

Juzi tumeitwa tena, kitongoji kingine, mbele zaidi ya kwa Mwinyimvua. Tatu akatubeba mimi na Mina, tukampitia Bi Dija. Tulipofika kwenye mikorosho akakata kulia. Simu yake ikaita. Akasimamisha, akaitazama, akaniwekea mimi sikioni.

"Shikamoo bibi. Ni mimi Sufiani."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Bibi, mko nje ya mstari."

"Tupo."

"Hamkuomba kibali."

"Hatukuomba."

Nilisikia huko aliko kile kishikwambi kinalia, pii, pii. Mina alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya baibui lake.

"Sasa bibi, nifanyeje mimi? Nizime?"

"Hiyo ni kazi yako, siwezi kukuingilia. Mikono ya kusukuma tunayo."

Tukangoja. Bi Dija akachungulia betri chini ya kiti, kama anaweza kuziona. Kile kilio cha pii, pii kikakatika. Bajaji taa zake zilikuwa bado zinawaka. Sufiani akasema, chini chini, tumfikishie salamu za pole, akakata simu.

Tatu akatia mwendo, tukaingia njia ya chumvi.